Musa Aligeuka Kutazama

Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C
Masomo: Kut 3:1-8, 13-15, 1 Kor 10:1-6, 10-12, Lk 13:1-9



Iko methali ipendwayo sana na watu wetu: ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mtu akishangazwa na jambo, mwenzake humtupia methali hiyo, kana kwamba amwambia asijichoshe, maana makubwa zaidi yako njiani. Sisi wenyewe tumekwisha kuitumia mara nyingi, pengine hata mimbarini. Walakini methali hiyo ikitumiwa ovyo hutufundisha kuahirisha kustaajabu. Mtoto wa jirani ameacha shule, hatustaajabu. Fedha za kisima cha kijiji zimeliwa, hatustaajabu. Twacheka kidogo na kusema ya Firauni bado. Mvua imenyesha baada ya miezi sita ya jua kali, nalo hilo halitustaajabishi, kwa kuwa ndiyo majira yake. Hivyo mtu aweza kuzeeka na kuingia kaburini bila kustaajabia ya Musa wala ya Firauni.

Somo la kwanza la leo latuletea Musa mwenyewe pamoja na ajabu aliyoiona katika mlima wa Horebu. Tuitazame polepole. Musa si kijana tena. Kitabu cha Kutoka chasema kwamba aliposimama mbele ya Farao alikuwa amefikia miaka themanini. Alilelewa katika nyumba ya mfalme, na sasa anachunga kondoo ambao hata si wake. Ni mali ya mkwewe Yethro. Kijiti kilichowaka hakikuwa mti wa fahari, kilikuwa kijiti cha jangwani tu. Na moto katika nchi kavu si ajabu kubwa. Ajabu ilikuwa kwamba kijiti hakikuteketea.

Sasa tujiulize: mtu apitaye mbio atajuaje kwamba kijiti hakiteketei? Ataona moto, ataswaga kondoo wake mbali na moto, ataendelea na safari. Kujua kwamba kitu chawaka bila kwisha kwahitaji kusimama, tena kusimama kwa muda. Musa alisimama, akaiacha njia yake, akageuka. Na mwandishi mtakatifu anaongeza neno ambalo wasomaji wengi hulipita: Mungu alimwita Musa alipoona kwamba amegeuka ili atazame. Mwito ulingoja shingo igeuke.

Baada ya hapo ndipo Musa anaamriwa kuvua viatu. Kisha Mungu anamwambia kuwa ameyaona mateso ya watu wake, amekisikia kilio chao, na anayajua maumivu yao. Mwisho, katika mstari wa kumi ambao haukusomwa leo, Musa anatumwa awe kiongozi. Utaratibu huo haukuwekwa bure. Kwanza kustaajabu, halafu kuvua viatu, halafu kusikia habari za mateso ya watu, na mwisho kabisa uongozi. Sisi siku hizi twaanza na mwisho. Twaanza na uongozi, na viatu hatuvui.

Neno letu la kale kwa jambo hili ni kicho. Wengine husema uchaji. Twalitaja katika mapaji saba ya Roho Mtakatifu, nalo huja la saba katika orodha tunayowafundisha watoto wa kipaimara, wakati pumzi imekwisha kuwaishia, kwa hiyo wengi hulitamka bila kulisikia. Kicho si hofu ya mtumwa mbele ya bwana mkali. Mwenye hofu hukimbia. Mwenye kicho husogea karibu, lakini husogea bila viatu.

Wasikilizaji wetu wa upande wa Tabora wanaijua Goweko. Ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora, kati ya Nyahua na Igalula. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, misafara ilikatiza nchi hiyo kwa miguu, ikitoka Bagamoyo na kupita Tura, Rubuga na Kigwa hata Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu na majora ya nguo, kila mtu mzigo wa ratili sitini au sabini, na katika njia iyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, wakiteremshwa pwani wasirudi. Mungu aliyesema na Musa bila shaka alikisikia kilio chao nao. Mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza walipita huko, wakiwa na mizigo yao, homa zao na vitabu vyao vya sala.

Nchi yenyewe ni pori la miombo. Mgeni akipita kwa treni mchana wa mwezi wa Agosti ataona miti iliyokonda na majani makavu, na mara nyingi ataona moto, maana kila kiangazi pori huchomwa, na wawindaji, na wenye mashamba, na warina asali wasio waangalifu. Lakini arudi mwishoni mwa Septemba, kabla tone moja la mvua halijaanguka. Atakuta miombo imechipua majani mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya divai, na jua la jioni likiyapiga, pori zima laonekana kuwaka, wala haliteketei. Miti hiyo haingoji mvua. Yachipua kwa akiba iliyo mizizini. Wazee wa Kinyamwezi, kabla ya kuisikia Injili, walimtaja Mungu kwa majina mengi: Likube, yaani Mungu Mkuu, Limatunda, yaani Muumba, tena Limi, jua, na Liwelelo, ulimwengu. Hayo ni majina ya watu waliokwisha kutazama juu na pande zote kabla ya kufungua kinywa. Sisi tuliishi katika nchi hiyo miaka miwili bila kuyaona majani mekundu. Tulikuwa na pikipiki, na apandaye pikipiki hutazama mashimo ya barabara.

Hapa yatupasa kuungama jambo.

Tulikuwa tukihudumia kigango kimoja ndani ya pori hilo, mbali na reli. Askofu alitarajiwa kuja kutoa kipaimara, nasi tuliona aibu kwa kuwa waumini waliketi juu ya magogo na matofali ya udongo. Kando ya kanisa ulisimama mninga mmoja mkubwa, ambao mtu mmoja hakuweza kuukumbatia. Chini yake katekista aliwafundisha watoto, na katika tawi lake la juu ulining'inia mzinga wa gome, mali ya mzee mmoja mrina asali, Mkristo wa siku nyingi. Tuliomba kibali cha kuukata mti huo tupate mbao za mabenchi, tukakipata kwa njia ya halali, na muhuri juu yake. Wapasua mbao wakaja na msumeno wao. Tulikuwa tumepatana nao kuwalipa kwa siku.

Asubuhi hiyo mzee alikuja. Alivua kofia, akatuamkia na kutuuliza habari za safari, za afya, za nyumbani kwetu, kwa kirefu, kama ilivyo desturi ya kwao, nasi tukiitazama saa. Kisha akasema:

"Baba Padre, mti ni wa kanisa, sina neno. Ila naomba usiku mmoja. Nyuki hawahamishwi mchana. Nipe usiku wa leo niwateremshe, kesho alfajiri mkate."

Tukamjibu: "Mzee wangu, mafundi hawa wanalipwa kwa siku. Usiku mmoja ni fedha. Nyuki wataruka wenyewe, wana mabawa."

Watu waliokuwapo wakacheka, maana padre akifanya mzaha watu hucheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Haya, Baba," akaenda kuketi mbali.

Mninga una tabia ambayo kila fundi aijua: ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Sisi tulikuwa tumesikia habari hiyo, hatukuwa tumeiona. Msumeno ulipoingia kwenye shina, utomvu ukaanza kutiririka juu ya gome, na mmoja wa wapasua mbao, kijana mdogo, akasita, akatutazama. Tukamwambia aendelee. Mti ulipoanguka mzinga ukapasuka. Tulikimbia sote, padre na mafundi na watoto, na mtoto mmoja aliumwa na nyuki hata akalala siku mbili na homa, na mama yake akakesha. Jioni, nyuki walipokwisha kutulia, tulirudi tukamkuta mzee amepiga magoti penye mzinga, akiokota masega yaliyokuwa na majana ndani, akiyapanga juu ya kipande cha gome kana kwamba yangeweza kuungwa tena. Viatu vyake, vile vya matairi, alikuwa ameviacha kando. Pengine aliviacha kwa sababu ya asali iliyomwagika chini, pengine kwa sababu nyingine. Hatukumwuliza.

Mabenchi yalipendeza. Askofu aliyasifu.

Kibali tulikuwa nacho, wapendwa. Mti ulikuwa wa kanisa, na haja ya mabenchi ilikuwa ya kweli. Hakuna sheria ambayo mtu angeweza kutuonyesha kuwa tumeivunja. Ndiyo maana jambo hili limetusumbua kuliko makosa mengine mengi ambayo tumeyaungama na kuyasahau. Injili ya leo yamweka mbele yetu mwenye shamba aliyeujia mtini wake miaka mitatu akitafuta tunda asipate, akaamuru ukatwe. Naye alikuwa na haki. Mtunza shamba hakubishana naye juu ya haki. Aliomba muda tu, mwaka mmoja, apate kupalilia na kutia samadi. Kila tulisomapo fungu hili twainamisha kichwa. Yule aliomba mwaka mzima. Mzee wetu aliomba usiku mmoja.

Baadaye, kwa majuto, tulianza kusoma habari za nyuki. Mtaalamu mmoja wa Austria, Karl von Frisch, alitumia miaka mingi ya maisha yake akiwatazama, na mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Aligundua kwamba nyuki arudipo kutoka malishoni hucheza juu ya sega, na kwa mchezo huo huwaonyesha wenzake upande wa kwenda kwa kulifuata jua, na umbali wa maua yalipo. Nyuki mfanyakazi, katika majira ya kazi nyingi, huishi wiki sita hivi, na inakadiriwa kwamba asali yote anayoitengeneza katika maisha yake ni kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Mtu akoroga kijiko kimoja katika chai yake asubuhi, na hapo wameishia nyuki kumi na wawili. Nasi tulisema wana mabawa.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu hivyo ndivyo kicho kinavyomtoka kiongozi. Hakimtoki kwa kishindo. Humtoka kwa kuitazama saa, kwa mzaha mmoja unaochekwa, kwa kuona mbele yake mbao tu pale ambapo pana mti, kivuli, darasa la watoto na riziki ya mzee. Na anayezoea kuuona mti hivyo hakawii kumwona mtu hivyo. Karani huona faili, haoni mjane aliyetembea tangu jogoo la kwanza. Mgombea huona kura. Padre naye aweza kuona idadi ya kipaimara ya kuandikia jimboni. Twajua vizuri mwisho wa njia hiyo, kwa maana tumeuona katika mikoa yetu ya magharibi na ya kanda ya ziwa. Vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizowapikia wajukuu. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo ili vikauzwe kuwa dawa ya kupata mali na vyeo, na kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulionya kuwa hatari kwao huongezeka nyakati za kampeni. Fikirini neno hilo, wapendwa. Mtu ataka kuongoza watu, naye anaanza kwa kukata mkono wa mtoto wa watu hao. Akishinda, atawaapia kwa kitabu gani?

Njia ile ya misafara inatupa somo jingine. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitoka Kazeh, katika Unyanyembe, akaelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti alisimama juu ya kilima akaona maji yasiyo na ng'ambo. Aliamini kwamba hapo ndipo unapoanzia mto Nile, wala hakukosea. Twaamini moyo wake ulijaa mshangao, hatumhukumu. Lakini akalipa ziwa jina la malkia wake, Victoria, ambaye hakupata kuliona hata siku moja, ingawa wenyeji walikwisha kuliita Nyanza tangu kale. Musa naye alisimama mbele ya jambo kubwa kuliko ziwa lolote, wala hakulipa jina. Aliuliza jina. Somo la leo latuonyesha akiuliza kwa unyenyekevu: watu wakitaka kujua jina la aliyenituma, niwaambie nini?

Wako viongozi wanaoingia kijijini wakiwa na majina yao mfukoni. Hawa ni wavivu, hawa ni wabishi, kile kigango ni cha wanywa pombe. Wamefika juzi. Nasi mapadre tukihamishwa parokia hupokezana majina hayo kwa siri wakati wa kukabidhiana funguo, na huchukua miaka kugundua kwamba kigango cha wanywa pombe kina bibi mmoja ambaye amefundisha sala kwa vizazi vitatu.

Mtu atauliza: je, kiongozi aweza kufundishwa kicho, au huzaliwa nacho? Kumbukumbu la Torati, sura ya kumi na saba, lina sheria ya mfalme ambayo sisi twaiona kuwa ya hekima sana. Yamkataza mfalme kujilimbikizia farasi, wake, fedha na dhahabu. Kisha yamwamuru kwamba aketipo katika kiti chake cha enzi ajiandikie nakala ya torati, aisome siku zote za maisha yake, apate kujifunza kumcha Bwana, moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Hebu mwone mfalme huyo na kalamu yake. Wajumbe wanangoja nje, majeshi yanangoja, naye anaandika neno, anachovya wino, anaandika neno. Kwa hiyo sheria inakiri kwamba kicho hujifunzwa, na hujifunzwa kwa mkono uendao polepole.

Nchi yetu ilipata kiongozi aliyefanya jambo lililo karibu na hilo. Mwalimu Julius Nyerere alisoma shule Tabora, na baada ya Makerere alirudi kufundisha katika shule ya St. Mary's, papo hapo Tabora, katika miaka ya 1940. Hatusemi kwamba hakukosea katika kutawala. Yeye mwenyewe alikiri makosa kadhaa mbele ya watu. Lakini baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 alichukua Injili zote nne na Matendo ya Mitume, akazitia katika utenzi wa Kiswahili, na tenzi hizo zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufa kwake. Ajuaye utenzi anajua kwamba kila kipande chahitaji mizani nane, na kwamba vina havikubali haraka. Mtu aliyezungukwa na walinzi na ving'ora miaka zaidi ya ishirini aliketi akihesabu silabi za maneno ya Yesu. Laiti angefanya hivyo akiwa bado Ikulu, pengine tungeonja matunda yake mapema zaidi. Ila hata wakati huo alikuwa na sifa ya kutokosa Misa.

Msikilizaji wetu atasema: Padre, mimi si mfalme wala rais, nina watoto watano na shamba la tumbaku. Vema. Mama aliye mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ni kiongozi, na baba mbele ya watoto watano ni kiongozi mkubwa kuliko waziri, kwa sababu waziri hawezi kumtia mtoto wake hofu ya kusema ukweli mezani. Katekista ni kiongozi. Na adui wetu sote ni mazoea. Sisi tulioshika Mwili wa Bwana kwa mikono hii kwa zaidi ya miaka ishirini twajua jinsi mikono inavyozoea. Ilikuwa ikitetemeka, sasa haitetemeki, nasi twajisifu kuwa tumekomaa. Ndugu makatekista, ninyi nanyi mwaijua njia hiyo. Zamani mlipofungua Biblia mliifuta vumbi kwanza. Sasa yakaa chini ya mfuko wa karanga kwenye kikapu cha baiskeli.

Tangu siku ile ya mninga tumejiwekea videsturi vichache, navyo ni vidogo kiasi cha kuchekesha. Mzee akitusalimu kwa kirefu, twaitia saa mfukoni. Kabla ya kumhukumu mtu twauliza jina lake na jina la aliyemzaa. Kabla ya kutoa amri katika kigango tusichokijua vizuri, tumejifunza kulala hapo usiku mmoja. Si kila mara twaweza, na mara tulizoshindwa tumejuta. Na mara moja kila siku twasimamisha pikipiki mahali pasipo na shida yoyote, twazima injini, twatazama. Wapita njia wametudhania kuwa tumeishiwa petroli, na kijana mmoja alikwenda mpaka kwao kutuletea lita moja katika chupa ya maji. Tulimshukuru, tukainunua.

Kabla ya kuhamishwa kutoka upande wa Goweko tulikwenda nyumbani kwa yule mzee kumwomba radhi. Tulikuwa tumechelewa mno. Miaka ilikuwa imepita. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeanguka. Alitupokea vizuri, akatupa kigoda, akatuletea asali katika bakuli. Tulipomwambia tulilolijia, alinyamaza, kisha akasema, "Baba, yule mtoto alipona." Hakusema zaidi kuhusu jambo hilo. Akainuka, akatuomba tumfuate nyuma ya nyumba, mahali ambapo moto wa kiangazi ulikuwa umepita na kuacha ardhi nyeusi.

Katikati ya weusi ule palikuwa na mche mdogo, haukufikia goti, na majani yake mabichi kabisa. Mzee alisema:

"Ni mninga. Naujua huu, mwaka wa saba sasa. Kila kiangazi moto unaula wote, kila mvua unarudi. Watu wanadhani umekufa. Huko chini mzizi unanenepa. Siku moja utapanda kwa nguvu, moto hautaufikia tena."

Baadaye wataalamu wa misitu walituthibitishia maneno yake: mche wa mninga hufa juu kila mwaka, pengine kwa miaka kumi na zaidi, huku mzizi ukijijenga, ndipo huinuka. Wakati ule hatukuyajua hayo. Tulimwuliza tu utafaa lini kwa mbao, swali la kipumbavu, nalo lilitutoka kabla hatujajizuia. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mbao? Hizo ni za wajukuu wa hawa," akasema, akionyesha watoto waliokuwa wakitufuata.

Tukasogea ili tuutazame karibu. Akatushika mkono kwa upole, akatuzuia.

"Baba Padre," akasema, "angalia viatu."

Tumsifu Yesu Kristo.